Kupanga Safari ya Lamu: Mwongozo Kamili wa Kufika, Kukaa na Kuondoka kwa Hesabu ya Maji

Kila baada ya likizo napata ujumbe wa aina moja. Mtu amekwenda Lamu na familia yake, amelipa nauli, amelipa chumba, kisha amerudi na manung'uniko. Ufuo wa Shela ulikuwa umemezwa na maji kila alasiri. Boti ya kwenda magofu ya Takwa ilikwama matopeni. Basi lilifika Mokowe, gati la upande wa bara, jua limeshazama na watoto wanalia. Hoteli ya kula mchana haikupatikana kwa sababu ulikuwa mwezi wa Ramadhani na yeye hakutazama kalenda.

Wote hawa walipanga safari kwa tarehe za likizo peke yake. Lamu haipangwi hivyo. Kisiwa karibu hakina magari, kila kitu kinaingia na kutoka kwa boti, na boti inafuata maji. Ukijua mwezi umefika siku ya ngapi, utajua saa ya kwenda ufuoni, saa ya kwenda magofuni na saa ya kurudi nyumbani. Nitakupitisha hatua kwa hatua.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kukata tiketi

- Kitambulisho. Mkenya abebe kitambulisho cha taifa chenyewe, si picha yake kwenye simu, maana njia ya Garsen hadi Mokowe ina vizuizi vya polisi na jeshi na abiria hukaguliwa. Mtanzania, Mganda au ndugu mwingine wa Afrika Mashariki abebe pasipoti au hati ya safari inayokubaliwa mpakani, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Aliye ughaibuni na pasipoti ya nchi nyingine aangalie kama anahitaji idhini ya kielektroniki ya kuingia Kenya, na aiombe mapema. Imechukua nafasi ya viza tangu Januari 2024.
- Kalenda ya Kiislamu, na jedwali la maji kujaa na kupwa. Vyote viwili vipo mtandaoni bure.
- Begi laini la kubeba begani. Sanduku la magurudumu halifai: vichochoro vina ngazi, mifereji na mavi ya punda.
- Viatu vya kufunga vinavyoweza kulowa. Ndara za kawaida hunaswa na tope la mikoko.
- Kanga au kikoi viwili, nguo za kufunika mabega na magoti, kofia, tochi, dawa ya mbu, chupa ya maji na mfuko usiopitisha maji kwa ajili ya simu.
- Fedha taslimu, noti ndogo ndogo. M-Pesa inapokelewa karibu kila mahali na mjini kuna benki, lakini nahodha na hamali wa gatini hufurahia noti ya mia, na mtandao ukikatika hutakuwa na pa kukimbilia.

## Hatua ya 1: Chagua msimu kwa upepo

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Bahari hutulia, maji huwa maangavu, na joto hupanda, hasa Februari na Machi. Kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba. Kusi ikiingia huja na masika, mvua kubwa za Aprili na Mei, na mawimbi mazito upande wa Shela unaotazama bahari kuu.

Kama nia yako ni kuogelea na kuzamia kwa miwani kutazama samaki kwenye matumbawe ya kisiwa cha Manda Toto, nenda kwenye kaskazi. Kama unataka kutembea mjini bila kuungua, Julai na Agosti kuna ubaridi mzuri, ila usitegemee sana bahari kuu. Aprili na Mei mimi simshauri mgeni wa mara ya kwanza.

Kisha tazama kalenda ya Kiislamu. Ramadhani mji ni mtulivu mchana, mikahawa mingi imefungwa, na usiku watu wanakesha. Ni mwezi mzuri kwa anayefunga, mgumu kwa mwenye watoto wadogo wasiofunga. Mfunguo Sita ndio mwezi wa Maulidi. Wageni humiminika kutoka pwani yote na ng'ambo kuja Msikiti wa Riyadha, na vyumba huisha. Ukitaka Maulidi, weka nafasi miezi kadhaa kabla. Ukitaka utulivu, kwepa mwezi huo, na kwepa pia tamasha la utamaduni ambalo kwa kawaida hufanywa Novemba.

Umefaulu hatua hii ukiwa na mwezi mmoja mkononi, na unajua upepo gani utakuwa unavuma.

## Hatua ya 2: Chagua siku kwa mwezi wa angani

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo soma polepole.

Bahari ina siku za bamvua na siku za maji mafu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu na siku mbili tatu zinazofuata. Maji hujaa sana na kupwa sana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Maji mafu huja kati ya bamvua mbili, karibu na tarehe 8 na 22, na hapo bahari hupanda na kushuka kidogo.

Sasa jambo lenyewe. Siku za bamvua, pwani hii maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na tena saa kumi alasiri, na hupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika hamsini. Ukishika hesabu hii hutahitaji kuuliza mtu, ingawa jedwali la maji litakupa dakika kamili.

Tumia hesabu hiyo hivi. Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, hufikiwa kwa mkono mwembamba wa bahari unaopita katikati ya mikoko, na boti hupita pale maji yakiwa yamejaa tu. Tarehe 10 hadi 13, au 25 hadi 28, maji hujaa kati ya adhuhuri na saa nane mchana. Hizo ndizo siku za Takwa. Ufuo wa Shela, wenye urefu wa takriban kilomita kumi na mbili, unataka kinyume chake: maji kupwa asubuhi, mchanga mpana na mgumu chini ya miguu. Hizo ni siku za bamvua zenyewe.

Kwa hiyo fika Lamu tarehe 11 au 26 ya mwezi wa Kiislamu, ukae usiku tano. Siku za mwanzo utakwenda Takwa, siku za mwisho utakuwa na ufuo mkavu kila asubuhi. Ukifika tarehe 11 utaondoka mwezi ukiwa mpevu, na mbalamwezi juu ya kuta za matumbawe inatosha kukutembeza bila tochi. Ukifika tarehe 26 utapata giza na nyota.

Onyo: usichukue usiku mbili. Siku ya kwanza huliwa na safari, ya mwisho huliwa na kuondoka. Usiku nne ndio uchache ninaoukubali.

Umefaulu ukiwa na karatasi moja: tarehe zako zote, na mbele ya kila tarehe saa ya maji kujaa na saa ya kupwa.

## Hatua ya 3: Amua utalala mjini au Shela

Mji wa Lamu na kijiji cha Shela viko kisiwa kimoja, umbali wa kilomita tatu hivi, mwendo wa dakika arubaini kwa miguu. Lakini ni maisha mawili.

Mjini utaamshwa na adhana, punda na watoto wa madrasa wakisoma. Uko karibu na soko, Ngome, makumbusho na Usita wa Mui, barabara kuu ya ndani ambayo upana wake katika sehemu nyingi ni wa watu wachache tu kupishana. Upande wa Mkomani ndiko kwenye nyumba za kale za mawe. Langoni kuna pilikapilika zaidi. Mjini hakuna ufuo wa kuogelea.

Shela iko mlangoni pa ufuo, kimya zaidi, na bei za malazi na chakula ziko juu.

Ushauri wangu kwa usiku tano: tatu mjini, mbili Shela. Hiyo inalingana na hesabu ya maji pia, maana siku za ufuo ni zile za mwisho.

Kabla ya kulipa chumba uliza maswali haya: kuna chandarua? Kuna paa la wazi au roshani ya kupigwa na upepo? Umeme ukikatika kuna nini? Maji ya bombani ni ya kisima cha chumvi au matamu? Chumba cha chini kwenye nyumba ya mawe huwa na joto zito Februari. Omba cha juu.

## Hatua ya 4: Chagua njia ya kufika

Kwa ndege: zipo kutoka Nairobi hadi uwanja wa Manda, na safari huchukua zaidi kidogo ya saa moja. Ndege ndogo huruhusu mzigo wa kilo 15 tu, begi laini. Soma sharti hilo kwenye tiketi yako kabla hujapanga nguo.

Kwa barabara: kutoka Mombasa ni takriban kilomita 340, kupitia Kilifi, Malindi, Garsen, Witu na Hindi hadi gati la Mokowe. Lami sasa inafika huko na safari imekuwa nyepesi kuliko zamani. Panda basi la alfajiri ufike alasiri. Anayetoka Tanga au Dar es Salaam kupitia Horohoro alale Mombasa. Kuunganisha safari hizo mbili kwa siku moja ndiko kunakowafikisha watu Mokowe gizani.

Onyo, na hili nalisema kwa uzito. Sehemu za bara za kaunti ya Lamu zimewahi kushambuliwa na Al-Shabaab, pamoja na magari barabarani. Kisiwani maisha yanaendelea kwa amani, lakini barabara inataka uangalifu. Wiki ya safari sikiliza habari, uliza ofisi ya basi hali ya njia, na usisafiri usiku hata kama mtu amekuambia hakuna neno. Hali ikichafuka, kata ndege au ahirisha.

Umefaulu ukiwa na tiketi inayokufikisha Mokowe au Manda kabla ya saa kumi alasiri.

## Hatua ya 5: Kuvuka

Mokowe utakutana na vijana wengi wakinyoosha mikono kushika begi lako. Usiogope, ni kazi yao. Sema salamu kwanza, kisha sema unakokwenda, "mui wa Lamu" au "Shela", kisha uliza nauli kabla ya kuachia begi. Kuna boti ya abiria ya kuchangia na kuna boti ya kukodi peke yako. Tofauti ya bei ni kubwa, kwa hiyo taja unayoitaka. Manda nako gati liko hatua chache kutoka uwanjani, na mji unauona ng'ambo ya maji.

Vaa jaketi la kuokolea, na mvishe mtoto kabla hajaingia botini. Kama hakuna majaketi, subiri boti nyingine. Simu iingie kwenye mfuko usiopitisha maji, kwa sababu upepo wa alasiri hurusha maji hadi kifuani.

Mpigie mwenye nyumba kabla ya kuvuka akutumie mtu wa kukupokea gatini. Nyumba hazina namba unazoweza kufuata, na kichochoro cha tatu kinafanana na cha kumi.

## Hatua ya 6: Siku ya kwanza, tembea tu

Usipange boti siku ya kwanza. Zunguka mji kwa miguu mpaka ujue njia ya kutoka chumbani hadi gatini bila kuuliza.

Salamu hufungua milango yote: "Salaam aleikum" kwa mkusanyiko, shikamoo au "masalkheri" kwa wazee waliokaa kwenye daka, yale mabaraza ya mawe mbele ya mlango. Ukimsikia mtu nyuma yako anasema "simile!", bana ukutani mara moja, punda mwenye mawe ya matumbawe mgongoni hana breki. Mji huu unabebwa na punda, na kuna hospitali yao pale pwani inayowatibu tangu miaka ya 1980. Ipitie.

Ngome, Makumbusho ya Lamu na Nyumba ya Kiswahili ziingie asubuhi, kabla ya joto. Beba kitambulisho, maana raia na wakazi wa Afrika Mashariki hulipa chini ya wageni wengine. Ndani ya Nyumba ya Kiswahili simama mbele ya zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa kwenye chokaa, safu juu ya safu. Sogea karibu uone kwamba vya pembeni vimechongwa vyembamba kuliko vya kati. Mafundi walijua jicho litasimama wapi.

Mambo matatu ya adabu. Nguo za kuogelea zibaki ufuoni. Usimpige picha mtu, na hasa mwanamke aliyevaa buibui, bila idhini yake. Ijumaa mchana maduka hufungwa kwa sala, basi nunua maji na matunda mapema.

Jambo jingine linalowapotezea watu jioni nzima: mji wa Lamu unatazama mashariki. Jua huchomoza juu ya Manda mbele yako, na huzama nyuma ya mji. Anayetaka picha ya machweo asikae pwani kusubiri. Akodi mashua ya tanga saa kumi na moja jioni, au apande juu ya paa.

## Hatua ya 7: Siku za maji

Takwa. Patana na nahodha siku moja kabla. Mwambie: "Kesho maji yanajaa saa saba, tuondoke saa tano." Akikubali bila kubisha, amekubali kwamba unajua. Akikuambia muda wowote sawa, tafuta mwingine.

Nasema hivi kwa sababu mwaka mmoja nilimfuata aliyesema muda wowote sawa. Tuliingia kwenye mikoko maji yakiwa yameshaanza kutoka. Kwanza pondo, ule mti wa kusukumia mashua, iligusa chini, ikatoka na tope jeusi hadi nusu yake. Kisha mashua ikalala ubavu, taratibu, kama ng'ombe anayejilaza. Tulikaa saa nne na ushei. Chaza waling'ang'ania mizizi juu ya vichwa vyetu, kaa wadogo wenye gando jekundu walitoka matunduni kwa mamia, na mama mkwe wangu alikuwa amejifunika kanga kichwani, maji ya kunywa yamebaki nusu chupa. Magofu hatukuyaona.

Ukifika kwa wakati, utatembea kati ya mibuyu hadi msikiti wa Ijumaa na kaburi la mnara. Watu wa Takwa ndio waliohamia Shela, na Washela hadi leo huvuka kwenda kuomba mvua pale. Ingia kwa heshima ile ile unayoingia nayo makaburini kwenu. Usizidishe saa moja na nusu. Maji yakianza kutoka, uwe botini.

Ufuo wa Shela. Siku za bamvua, toka saa mbili asubuhi, maji yakiwa yanatoka. Tembea upande wa kusini-magharibi hadi ubaki na nyayo zako. Hakuna kivuli, hakuna duka, hakuna mwokoaji. Lita mbili za maji kwa kila mtu mzima. Usiogelee kwenye mlango wa mkondo kati ya Lamu na Manda, maji yanapotoka mkondo huvuta kwa nguvu. Wakati wa kusi, oga maji ya magotini tu.

Vilima vya mchanga nyuma ya ufuo usivichezee na usiache taka. Mvua inayozama ndani yake ndiyo maji matamu ya visima vinavyonywesha mji wa Lamu. Chupa unayoifukia pale unaifukia juu ya kisima cha watu.

Kurudi mjini kwa njia ya pwani alasiri ya bamvua haiwezekani bila kulowa, maana maji hufunika njia. Rudi kabla ya saa saba mchana, au panda boti.

Matondoni. Kijiji cha mafundi wa majahazi, upande wa pili wa kisiwa. Kwa miguu ni karibu saa mbili kwenye mchanga. Kwa boti fuata maji kujaa. Nenda asubuhi, usikie nyundo ikipigilia kalafati, nyuzi za kuzuia maji, kati ya mbao. Ukipiga picha, mpe fundi kitu.

## Hatua ya 8: Kula

Asubuhi tafuta mahamri ya moto na mbaazi za nazi kwenye meza za kando ya njia. Ikifika saa tatu yameisha. Mkate wa mofa, samaki wa kupaka, viazi karai, maji ya ukwaju, na kahawa tungu usiku. Mjini hupati pombe isipokuwa kwenye hoteli chache sana, na haifai kuitafuta mitaani. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa.

## Hatua ya 9: Kuondoka

Nunua tiketi ya basi siku mbili kabla, mjini Lamu kwenyewe, si Mokowe. Mabasi huondoka asubuhi mapema, na saa iliyoandikwa ni ya Mokowe. Uliza ofisini boti ya kuwavusha abiria inatoka gati gani na saa ngapi, kisha toa dakika thelathini.

Kama usiku wa mwisho umelala Shela, hesabu tena: hutapata njia ya kutembea gizani ukiwa na mizigo, na siku za bamvua maji yamejaa alfajiri hiyo hiyo. Patana na nahodha jioni, mlipe nusu, chukua namba yake, mpigie kabla ya kulala.

Wa ndege awe gati la Manda saa moja na nusu kabla ya kuruka. Wa basi awe gatini Lamu kabla jua halijatoka, begi begani, noti ya hamali mfukoni. Mwenye meza ya mahamri huwa ameshawasha moto wakati huo. Chukua sita ya njiani. Hadi Garsen ni mbali.